Muulize Mama wa Bustani: Mwani uani, mbali na bahari

SWALI: Shikamoo Mama. Naishi Gungu, Kigoma Mjini. Nina ua mkubwa, kisima changu mwenyewe, na matangi mawili ya lita elfu moja yaliyobaki nilipoacha kufuga kambare. Nasikia kina mama wa Zanzibar wanasomesha watoto kwa mwani, nikajiuliza kwa nini na sisi wenye ziwa lote hili tusilime. Nimewaza nichukue maji ya kisima, niyatie chumvi ya Uvinza ambayo hapa kwetu ni rahisi, halafu niagize mbegu Unguja. Je, utaota? Na nianze kuuza baada ya muda gani? Nina kuku arobaini pia, ila hao wananimaliza kwa chakula.

— Msomaji wa Gungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utaota siku nne. Ya tano utaanza kupauka.

Sisemi kwa kubahatisha. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, lakini ndoa ilinipeleka Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nikakaa huko miaka mingi nikifunga mwani kama wenzangu. Kilimo hicho cha biashara kilianza pale Jambiani na Paje mwaka 1989, na kabla yake Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amekwishaufanyia mwani wetu utafiti wa miaka. Tulilima aina mbili, spinosamu na kotoni. Unapigilia vigingi mchangani, unavuta kamba kati yake, kisha unafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa vijikamba tunavyoviita taitai. Kazi inafuata maji. Bamvua likija, bahari ikapwa mpaka mbali, ndipo mnashuka. Wiki sita hivi baadaye mnavuna.

Niliporudi Kigoma nilikuwa na wazo lako hilihili. Nilifunga kilo mbili za spinosamu kwenye gunia lililolowa maji ya bahari, nikaziweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, nikapanda boti mpaka Dar, kutoka Dar treni. Zilifika zikiwa nzima, rangi ya zambarau iliyokolea, zinanukia pwani mpaka nikatokwa na machozi. Nilikuwa nimekata pipa la bluu kwa urefu, nikajaza lita mia za maji, nikakoroga kilo tatu na nusu za chumvi ya Uvinza. Hesabu yangu ilikuwa sawa: lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi.

Siku ya nne ncha zilikuwa bado ngumu, nikaanza kujisifu kwa majirani. Siku ya sita nikaona kwenye shina pete nyeupe, upana wa punje ya mchele, na pale penye pete tawi likikatika kwa kuguswa tu. Siku ya tisa nilipotia mkono nilitoa kitu kama tambi zilizopitiliza kuiva. Harufu sitaieleza, huenda unasoma ukiwa mezani.

Kosa lilikuwa wapi? Chumvi ya Uvinza haina ubaya wowote. Watu wanaipika kutoka zile chemchemi za kando ya Malagarasi zaidi ya miaka elfu moja sasa, na mboga zetu zote zinaijua. Lakini ni chumvi ya jikoni. Katika zile gramu 35 za bahari, kama 30 ndizo za jamii hiyo. Zinazobaki ni vitu vingine: salfeti gramu mbili na nusu na ushei, magnesi gramu moja na kitu, kalsi na potasi vidogovidogo. Ukionja hutavihisi. Mwani unavihisi. Ule utelezi wake unaonunuliwa viwandani, karageni, unaoingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu, mwani unaujenga kwa kutumia salfeti. Nilikuwa nimeupa chumvi nikaunyima chakula.

Na ziwa letu je? Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Mwani wa bahari ukitumbukia humo haumalizi wiki. Mwani wa ziwa upo, ule utelezi wa kijani unaotuangusha kwenye mawe ya Bangwe, na kuna samaki wadogo wa mawe ambao Mungu amewapa meno ya kuukwangua. Huo ni wao. Hauna soko.

Sasa, mimi ni mbishi, nikajaribu mara ya pili. Mpwa wangu alininunulia chumvi ya wafuga samaki wa mapambo, ile iliyotengenezwa iwe na vitu vyote vya bahari. Bei yake ilinifanya nikae chini. Nikanunua na pampu ya hewa, kwa sababu kosa langu jingine lilikuwa maji yaliyolala. Baharini wimbi halimwachi mwani dakika, kila tawi linapata maji mapya. Ndani ya pipa, tawi linakula vilivyo karibu yake, vikiisha linashinda na njaa katikati ya shibe. Nikaweka pia kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kupima uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na yasiyo na chumvi, kikae kwenye 1.020 mpaka 1.025. (Usidanganywe na mtu wa kupima chumvi kwa kuelea kwa yai. Yai bichi zima linazama kwenye maji ya bahari vilevile kama kwenye maji ya kisima. Likielea, umeshatengeneza maji ya kukaushia samaki.) Kila jioni niliongeza maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama, maana jua la Kigoma linanyanyua maji na kuiacha chumvi ndani. Ukiongeza ya chumvi kila siku, baada ya wiki mbili umeupika.

Mwani ule uliishi wiki kumi na moja. Fungu la ukubwa wa ngumi likajaa bakuli la mchuzi. Nikakata nusu, nikalichovya kwenye maji moto, nikafanya kachumbari ya kitunguu na ndimu, tukala na migebuka ya kuchoma. Halafu umeme ukakatika siku tatu mfululizo, pampu ikanyamaza, na zile pete nyeupe zikarudi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba inawezekana, kwa kachumbari na kwa kuwaonyesha wageni. La pili tulipigie hesabu. Matangi yako mawili yanataka kilo 70 za chumvi maalumu kwa kuanzia tu. Tuseme umejaliwa, ukavuna kilo ishirini mbichi. Mwani mbichi kilo saba mpaka kumi ndio unatoa kilo moja mkavu, na mnunuzi anataka mkavu. Hapo una kilo mbili, ukizidi sana karibu tatu. Hata akitokea mtu wa kukulipa shilingi elfu mbili kwa kilo, na sijui utamtoa wapi hapo Gungu, hujafikisha elfu sita. Pampu imekula umeme wa zaidi ya hiyo. Wenzetu wa Paje wanapata kwa sababu bahari inawafanyia kazi ya pampu, ya chumvi na ya mbolea bila kudai senti, na hata wao kotoni imewasumbua miaka ya karibuni kwa maji kuzidi joto. Wewe unataka kuinunua bahari kwa ndoo.

Ukiamua kujaribu hata hivyo, maana najua vijana, chukua pipa moja, si matangi. Na siku ya kumwaga, usimwage penye mimea. Yale maji yangu ya kwanza niliyatupa karibu na mpapai. Baada ya wiki tatu majani yalikuwa yameungua kingo zote kama yaliyopitishwa kwenye moto, na mpaka leo pale halijaota hata jani moja la nyasi.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na neno lililonigusa ni lile la mwisho, la kuku. Mwanangu, wewe unatafuta azola.

Azola ni kijimmea kinachoelea kwenye maji baridi, jamii ya yale majani ya kando ya mito yanayozaa bila maua. Ndani ya majani yake wanaishi wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, wanaonasa naitrojeni hewani na kumlisha mwenyeji wao. Ndiyo maana kinanenepa bila yuria. Wakulima wa mpunga wa Vietnam na China wanakitumia kama mbolea tangu zamani. Kikikauka, kama robo ya uzito wake ni protini, na hiyo ndiyo inayokumaliza dukani.

Fanya hivi. Tafuta kivuli chepesi, chini ya mwembe panafaa. Panga matofali ya kulaza, au chimba kidogo, upate mraba wa mita mbili kwa mbili, kina cha sentimita ishirini. Tandika turubai lisilotoboka. Tandaza udongo uliochekechwa, nusu debe hivi, kilo kumi mpaka kumi na tano. Kilo mbili za kinyesi kibichi cha ng'ombe zikoroge kwenye lita kumi za maji pamoja na gramu 30 za mbolea ya fosfeti, mimina humo, kisha ongeza maji mpaka yasimame sentimita kumi juu ya udongo. Hapo rushia mbegu, nusu kilo mpaka kilo. Nyunyizia maji kwa juu ili vijimizizi viangalie chini. Mbegu muulize ofisa ugani wa kata au wafuga kuku wenzako, na akupe azola kweli, asikupe yale majani laini ya mviringo yanayoelea kwenye mitaro. Azola ina magamba yaliyopandana kama ya samaki. Itazame kwenye kiganja, utaona.

Wiki mbili hazipiti kitanda kimejaa. Kikiwa na afya kinakupa karibu nusu kilo kwa siku. Kila baada ya siku tano rudishia kilo moja ya kinyesi na gramu 20 za fosfeti. Kila siku kumi punguza robo ya maji uweke mapya. Hayo ya zamani ni mbolea, yapeleke kwenye mchicha. Ikianza kugeuka nyekundu, ama jua limezidi ama fosfeti imeisha. Ninyi wa mjini mnapenda kuona ile rangi nyekundu mkadhani imeiva.

Kabla ya kuwapa kuku, iweke kwenye chekeche juu ya ndoo uisuuze mpaka harufu ya kinyesi itoke, halafu changanya na chakula chao cha kawaida. Anza na kidogo. Wangu siku mbili za kwanza waliichakura tu kwa dharau. Haiwi chakula chote, kuku hawezi kushiba majani yenye maji, lakini gunia la pumba na mashudu litakwenda mbali zaidi. Na kama unajuta kuacha samaki, perege wanaipenda kuliko kuku.

Mambo mawili ya kukuudhi: mbu, na ziwa. Azola iliyofunika maji yote inawazuia mbu, ila kwenye kingo na penye upenyo wanataga, kwa hiyo pita kila asubuhi utikise kingo. Na usiipeleke ziwani wala mtoni, hata iliyozidi. Magugu maji yametufundisha vya kutosha. Iliyozidi izike kwenye mahindi.

Matangi uyageuze ya kukingia maji ya mvua.

SWALI: Mama, habari za kazi. Nipo Isevya, Tabora. Tangi langu jeupe la maji ya mvua limegeuka kijani ndani. Huo nao ni mwani? Naweza kuukausha nikala, maana nasikia kuna mwani wa vidonge?

— Mama Watatu

JIBU: Nzuri, mwenzangu. Ndiyo, ni mwani, wa maji baridi, na umeupa mwenyewe mwanga kupitia plastiki nyeupe. Ule wa vidonge ni spirulina, kina mama wa Ziwa Chad wanaukusanya tangu mababu, lakini unakua kwenye maji ya magadi makali ambayo viumbe wengine wengi hawayavumilii. Huo wako hujui ni nani na nani wamo. Usile, na kama kuna utando wa kijani-bluu unaonuka usiyanywe hayo maji, maana sumu ya baadhi yao haitoki kwa kuchemsha. Usinyweshee mifugo pia. Mwaga, sugua tangi, lipake rangi nyeusi nje au livishe magunia. Kusipoingia mwanga, hawarudi.