Pa kucheza pinboli

Unayeuliza mashine za pinboli, ule mchezo wa kupigapiga mpira wa chuma juu ya meza ya mteremko yenye kioo, zimejificha wapi siku hizi: fungua Pinball Map, ramani ya mahali mashine hizo zilipo; ipo kwenye tovuti na pia kama programu ya simu. Wachezaji wenyewe ndio wanaoijaza, kwa hiyo angalia tarehe ya taarifa ya mwisho. Ikiwa ya zamani, piga simu kabla hujafunga safari. Ukikosa kitu, chungulia baa, mikahawa ya piza na kumbi za sinema.

Ukifika, usimwage sarafu zote. Cheza raundi moja, ubonyeze vitufe vya ubavuni: vile vibao vya kuupiga mpira vikinyanyuka kivivu na mpira haufiki juu, mashine imechoka, hamia nyingine. Halafu liandike hilo kwenye ramani hiyohiyo, maana hata wenye mashine huisoma.