Inaishia na 7 na inapakana na kigawe cha 6: je, ni namba tasa?

SWALI: Nina namba 4,294,967,297. Nimeigawanya kwa namba tasa zote zilizo chini ya 100 na kila mara imeacha baki. Inaishia na 7, tena imepungua 1 tu kufikia kigawe cha 6, na nimefundishwa kwamba hiyo ndiyo alama ya namba tasa. Naweza kusema ni tasa?

JIBU: Hapana. Ni 641 × 6,700,417, zidisha uone.

Kugawanya kwako hakuna kosa, ila umeishia njiani: namba isiyo tasa huwa na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa hiyo ulipaswa kufika hapo. Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 65,536 kwa chembe tu, na chini ya hapo zipo namba tasa 6,542. Wewe umejaribu 25.

Kinachoniudhi ni hiyo "alama" ya 6, ambayo naletewa kila mara kana kwamba ni siri iliyofichuliwa. Ni kweli kwamba kila namba tasa inayozidi 3 hupakana na kigawe cha 6, kwa sababu namba nyingine zote zinagawanyika kwa 2 au kwa 3. Lakini waliokufundisha wameigeuza kauli hiyo kichwa chini. 25, 35, 49 na 55 nazo zinapakana na vigawe vya 6, na hakuna hata moja iliyo tasa. Anayefundisha hivyo hajawahi kuijaribu kanuni yake hata kwa namba za tarakimu mbili!

Namba yako iliwahi kumponza mwanahisabati Pierre de Fermat mwenyewe. Aliziona 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa, zote zikipatikana kwa mtindo mmoja (pandisha 2 hadi kipeo 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ongeza 1), akaamini inayofuata nayo ni tasa. Inayofuata, yenye kipeo 32, ni hiyo yako. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kigawo chake, wala hakuhitaji kupapasa: kigawo tasa cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu.

Jihadhari pia na programu zinazotoa jibu papo hapo. Baadhi huipandisha 2 hadi kipeo kilicho pungufu kwa 1 ya namba yako, hugawanya kwa namba yenyewe, na baki ikiwa 1 hutangaza "tasa". Yako inapita hapo. Weka 3 badala ya 2, inaanguka. Na 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, hupita kwa kila namba utakayoweka badala ya 2, mradi isiwe na kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1. Kipimo hicho kina uwezo wa kukataa tu, hakithibitishi, na anayekuuzia "fomula ya namba tasa" bila kukueleza tofauti hiyo anakupotosha.

Kwa ukubwa wa namba yako, kompyuta humaliza zile 6,542 kufumba na kufumbua. Kwa namba ya tarakimu mia, usipokee neno "tasa" mpaka uambiwe ni kipimo gani kimetumika, na kama kinathibitisha au kinakisia.