Magitaa matatu, nafasi ya moja

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Tanga, nimestaafu mwaka huu nikiwa na miaka 60. Tunahamia nyumba yetu ndogo ya Pongwe, na mama watoto amesema gitaa litakaloingia ni moja tu. Ninayo matatu, yote makavu, yasiyo ya umeme: galatoni la marehemu kaka yangu, limepasuka mgongoni na shingo imepinda, halipigiki; jumbo, yaani gitaa la tumbo kubwa, la nyuzi za chuma nililonunua mwaka 2009 kwa malimbikizo ya mshahara; na la nyuzi za nailoni nililouziwa mkononi, ambalo ndilo ninalopiga barazani jioni. Jumbo ndilo bora, ingawa siku hizi nyimbo mbili tu vidole vinauma. Mtoto wa kaka analiomba galatoni, lakini naona kama nitamsaliti marehemu. Nibaki na lipi mpaka kufa kwangu? – Mwalimu wa Pongwe*

Marahaba, Mwalimu, na hongera ya kustaafu. Kwanza usimnunie mama watoto. Nimeishi miaka mingi na mpiga solo wa bendi, Mungu amrehemu, na ninajua gitaa haliji peke yake. Linakuja na mkoba, nyuzi za akiba, na kiti ambacho mgeni haruhusiwi kukikalia. Marehemu wangu aliuza gitaa akabakiza mkoba wake, ukakaa uvunguni mpaka tunamzika.

Tuanze na la kaka yako, maana ndilo linalokukaba. Gallotone lilikuwa jina la magitaa ya bei nafuu kutoka Afrika Kusini, likazoeleka huku mpaka kila gitaa kavu likaitwa galatoni. Hata John Lennon wa Beatles, mwaka 1957 akiwa bado kijana wa Liverpool, alikuwa nalo, na ndani yake kulikuwa na karatasi inayoahidi kwamba halitapasuka! La kaka yako limeshapasuka, na shingo ndiyo hiyo. Fundi mwaminifu atakwambia gharama ya kulitengeneza inalishinda lenyewe. Mpe kijana. Anakuita baba mdogo, kwa hiyo halijatoka nyumbani. Ila mweleze kwamba ni la kutundika ukutani, asije akakaza nyuzi mpya, daraja, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, likamfyatukia usoni.

Sasa jumbo. Sikatai kwamba ndilo bora, lakini bora kwa mkono upi? Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 70; za nailoni ni kama nusu ya hapo. Anayelipa tofauti hiyo ni ncha za vidole vyako kila unapobana. Juu ya hayo, tumbo la jumbo ni pana, mkono wa kulia unaupandisha juu na bega linachoka kabla ya wimbo kwisha. Wewe umeuliza la mpaka kufa, halafu unalichagua kwa mkono wa mwaka 2009. Chagua kwa mkono utakaokuwa nao ukiwa na miaka 75.

Usinisadiki mimi, jaribu. Kwa siku saba, alfajiri, kabla ya chai, vidole vikiwa bado vimekakamaa, piga kodi ya F, yaani ule mpigo wa sauti kadhaa kwa pamoja, ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote. Anza na jumbo, kisha la nailoni. Jumbo likikubali asubuhi zote saba bila wewe kukunja uso, nafuta maneno yangu, libakize. Fundi anaweza pia kulishusha nyuzi na kukufungia seti nyembamba. Utapata nafuu, lakini sauti ile uliyolinunulia itapungua, na nafuu yenyewe naiona ya miaka michache.

Mimi naona litakalobaki ni la nailoni, na barua yako yenyewe inasema ndilo linalotoka barazani. Najua utanijibu kwamba halina mlio ule wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, dole gumba na kidole cha shahada juu ya chuma. Kweli halina, na hilo lina haki ya kuhuzunikiwa. Lakini tafadhali, usije ukapata wazo la kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni ili uwe na vyote viwili. Halikuundwa kwa mvuto huo. Daraja litabanduka, na safari hii utakuwa huna hata moja.

Hewa ya pwani nayo unaijua: chuma kinashika kutu. Nailoni haishiki, ingawa zile tatu nene zimezungushiwa waya, zitafifia na utazibadilisha. Nyumba mpya kama haina dari, usilitundike karibu na bati. Joto hulegeza gundi. Ukuta wa ndani, mbali na dirisha, unatosha.

Jumbo liuze kwa mtu atakayelipiga, si kwa anayetaka pambo la sebuleni. Bado lina umri mbele yake. Mpelekee kijana wa bendi ya harusi au kwaya ya kanisani, hata kwa bei ya chini kidogo.

Na mkoba wake uuze nalo siku hiyohiyo. Usije ukasema utauwekea nguo.