Kuimba rock yako mwenyewe ukiwa Unguja: niliyoyapitia

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu anayetunga rock kwa Kiswahili anaweza kuishi kwa muziki huo hapa Unguja, au ni bora ahamie Dar. Mie naimba nyimbo zangu tangu 2007 na sijahama, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonifika.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu ukisema andagraundi, watu wanaelewa kijana ambaye bado hajatoka, anasubiri wimbo mmoja umtoe. Ukiwa mtu wa rock usijiweke kwenye foleni hiyo. Redio zinapiga zenji flava (muziki wa vijana wa hapa Zanzibar), singeli na taarabu, na wasikilizaji wako utawapata mmoja mmoja. Ukilikubali hilo mapema, utapanga maisha yako vyengine kabisa.

Pesa iko hotelini, na hoteli inalipia kopi, yaani nyimbo za watu wengine. Mgeni ametoka kupiga picha Shangani kwenye nyumba ya Freddie Mercury, usiku anataka nyimbo za Queen, bendi yake Freddie. Freddie alizaliwa hapa 1946, akaondoka na wazazi wake 1964, na rock yake aliijengea Uingereza. Mie nimezipiga nyimbo hizo miaka na miaka, na zimenisomeshea watoto. Lakini ikifika masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani zinafunga. Ramadhani nayo muziki unasimama. Uwe na kazi nyengine ya mkono. Mie natandaza nyaya za umeme majumbani.

Sasa nikwambie la maana zaidi. Usiku mmoja Paje, wageni wameshapungua, nikapiga wimbo wangu mmoja kwa gitaa la umeme, mkwaruzo wote. Jikoni vyombo vikanyamaza. Mpishi akatoka na aproni yake, kasimama mlangoni hadi mwisho, kisha akaniomba nirudie ubeti wa pili kwa sababu mashine ya barafu ilimmezea maneno. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiimba nimewaelekea waliokaa mezani, kumbe wasikilizaji wangu ndio wanaobeba sahani. Tangu siku hiyo sijatunga tena kwa Kiingereza.

Kutunga kwa Kiswahili kuna ufundi wake. Rock ya Kiingereza inapenda kumaliza mstari kwa silabi moja nzito, ukaivuta ukapiga kelele. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukivuta ya mwisho, neno linavunjika na unasikika kama mgeni anayejifunza. Mzee mmoja mpiga fidla wa taarabu aliniambia niweke gitaa chini nimsomee maneno tu. Nikasoma, akatikisa kichwa. Akanihesabia mizani, yaani silabi za kila kipande cha mstari, kwa vidole: nane, nane. Nilipozirudisha kwenye gitaa ndipo nilipoona: mizani nane zinajaza duru moja ya mapigo manne, mbili kwa kila pigo, na ile ya saba, yenye mkazo, inaangukia pigo la nne, pale pale mpiga dramu anapogonga ngoma ndogo. Jaribu kwa mguu: "Bahari haina mwenzi." Hiyo "mwe" inapiga yenyewe. Na Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alifanya jambo la namna hiyo zamani: aliichukua taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, akaiimba kwa Kiswahili, na 1928 akenda Bombay kurekodi.

Umeme ulipokatika kisiwa kizima, kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, bendi yangu ilikufa kwa sababu jenereta ilitumaliza. Nikabaki na gitaa lisilotaka umeme na taa ya chemni. Nusu ya nyimbo ninazoimba mpaka leo zilitoka kwenye giza lile.

Mambo madogo: chumvi ya hewani inakula nyuzi, zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Nyimbo zako zisajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla hujazipeleka studio yoyote. Mie nilichelewa, na studio moja ikabaki na rekodi zangu nane. Na jifunze kupiga laivu kikweli, maana tamasha la Sauti za Busara hawataki mtu wa kuimba juu ya CD.

Dar nenda, lakini nenda kurekodi. Panda boti ya asubuhi nyimbo zikiwa tayari kichwani, maliza kwa siku mbili, rudi. Huku ndiko waliko wanaokusubiri, na ukitaka kuwaona, wakati wa kufunga jiko pita mlango wa nyuma wa hoteli yoyote.