Deni Si Langu, Namba Ni Yangu

Mwalimu mmoja wa Voi ameniandikia wiki hii. Kampuni ya mikopo ya simu inampigia tangu alfajiri mpaka usiku kwa deni la shemeji yake. Yeye hakukopa, hakumdhamini mtu, na apu yenyewe hajawahi kuiweka kwenye simu yake. Swali lake ni fupi: "Dada, nibadilishe laini?"

La, mwalimu, usibadilishe. Laini hiyo ndiyo M-Pesa yako, ndiyo benki yako, ndiyo wazazi wa wanafunzi wako wanayokupatia. Wahame wao.

Nasema hivi kwa kifua mbele kwa sababu mwezi uliopita nilipata uamuzi kutoka Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na uamuzi huo umenipa haki. Kampuni imeamriwa ifute namba yangu na inilipe fidia. Kiasi sikitaji. Hapa mtaani washanihesabia vya kutosha.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni mapishi ya harusi, hapa Mombasa. Mtoto wa khalati yangu alikuwa akinisaidia kupeleka oda, kwa hiyo namba za wateja wangu alikuwa nazo kwenye simu yake. Akakopa kwa apu, akachelewa kulipa. Kumbe siku ile ya kwanza apu ilimwomba ruhusa ya kusoma namba zote alizohifadhi, naye akabonyeza kukubali akiwa na haraka ya pesa. Namba yangu, ya mavyaa wangu na za wateja wangu zikaondoka pamoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa.

Walianza na mimi. Kijana wa kwanza alikuwa na adabu zake: "Mama, tafadhali mkumbushe alipe." Wa pili adabu aliziacha nyumbani. Wa tatu akaniambia nimeandikwa kuwa mdhamini na jina langu linakwenda CRB, kule wanakoandikwa wasiolipa madeni. Nikamwuliza sahihi yangu iko wapi, akakata simu. Wakahamia kwa mavyaa wangu, mtu mzima mwenye presha, wakamtia kiwewe mpaka akawa anaizima simu akisikia tu inalia. Kisha wakaanza kuwaandikia wateja kwamba mpishi wao anawaficha wakimbia madeni.

Kuna bibi mmoja wa Tudor ambaye niliwapikia harusi mabinti zake wawili. Ya binti wa tatu aliipeleka kwa mpishi mwingine. Udhuru aliotoa ni kwamba wageni wamepungua. Wageni wamepungua! Siku ya karamu viti viliazimwa mpaka madrasa ya jirani. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza hali ya watoto, namjibu vizuri, na kila mmoja anajua mwenzake anafikiria nini. Fidia haikugusa hapo.

Nyumbani nako ushauri ulikuwa mwingi. Ami yangu alisema tuchangishane tulipe yaishe, kwani kushtaki watu kwa sababu ya kupigiwa simu ni aibu. Mume wangu akaniuliza ni serikali gani itakaa kumsikiliza mpishi wa pilau. Namtaja kwa ruhusa yake, na sasa yeye ndiye anayewasimulia watu barazani kama kwamba barua tuliandika pamoja.

Sheria yenyewe haikutungwa kwa ajili ya mawakili wa Nairobi peke yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inatupa sote haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaja kuipa meno. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Kwa mtu kama mimi na mwalimu, utamu wote uko katika vifungu viwili. Cha 32 kinasema anayetumia data zako ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali. Si kazi yako kuthibitisha kwamba hukukubali. Cha 65 kinampa fidia aliyedhurika, na madhara hayo si ya pesa tu, hata dhiki ya moyo inahesabiwa. Nilivisoma vifungu hivyo usiku, jikoni, nikisubiri nyama iive, nikavirudia kwa sauti.

Basi nikaandika. Kwanza niliiandikia kampuni barua pepe yenye maswali matatu: namba yangu mliipata wapi, mnaitumia kwa idhini ya nani, na mtaifuta lini? Kanuni za sheria hiyo za 2021 zinawapa siku 7 kukuonyesha data walizo nazo juu yako, na siku 14 kushughulikia ombi la kufuta. Jibu lililonijia liliandikwa na mashine: walinishukuru kwa kuwa mteja wao mpendwa. Mimi, ambaye sijakopa kwao hata shilingi! Nililipiga picha papo hapo nikaliweka juu kabisa ya viambatisho vyangu.

Nikaandika tena, safari hii kwa Kamishna, kupitia tovuti ya ofisi yake. Niliambatisha orodha ya simu zilizopigwa na saa zake, picha za ujumbe, na maelezo ya mavyaa wangu aliyoyatolea sahihi kwa mkono unaotetemeka. Wateja niliwaomba nao waandike. Wengi walinihurumia sana na hawakuandika chochote. Msichana mmoja wa Likoni, ambaye nilimpikia mara moja tu, ndiye aliyeleta picha za ujumbe aliotumiwa, na uamuzi ukaja kuzitaja. Mkinisikia nimempunguzia mtu bei ya biriani, mjue ni yeye.

Utetezi wao ulikuwa kwamba mkopaji ndiye aliyetoa namba yangu. Sawa, lakini mkopaji ana idhini ya kwake, ya kwangu hana. Sheria inaipa ofisi siku 90 za kumaliza uchunguzi, na kipindi hicho cha kungoja hakina hadithi. Nilipika, nikalala, nikapika.

Mwalimu asidhani nilibahatika. Septemba 2023 ofisi hiyo hiyo iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuanika picha za watoto bila idhini ya wazazi, klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni, na kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa mambo haya haya ya kuwatisha watu kwa namba walizochota. Kinachonikera ni kipimo cha adhabu: mwisho wake ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Kilicho kidogo! Bunge lilimwonea nani huruma hapo?

Watu nao tujitazame. Mwaka 2023 Wakenya walijipanga kwenye ukumbi wa KICC, Nairobi, kutwa nzima kupimwa mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, kwa sarafu zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Mwaka 2021 watu waliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvishangilia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na chama chenyewe sikitaji nisije nikakifanyia kampeni. Lakini nenda jengo lolote mjini leo. Askari wa mlangoni anakusukumia daftari la kaunta, unaandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu chini ya za wote waliopita asubuhi, na anayekuja nyuma yako anazisoma zote akisubiri kalamu. Huulizi. Nami siku hizi nauliza, na askari huniona mgomvi. Na anione tu. Ukinyamaza mlangoni, ukanyamaza kwenye apu, ukanyamaza ukitukanwa kwa simu, hiyo sheria ya 2019 itakutafuta wapi? Andikeni, jamani. Matusi ya simu hayana faili. Barua ina faili.

Mwalimu ameniuliza pia kama aanze na polisi. Akitishiwa kupigwa, ndiyo, aende. Kwa hili la namba, aiandikie kampuni leo, apige picha ya kila ujumbe kabla hajafuta chochote, halafu aende kwa Kamishna. Aangalie vilevile kama kampuni hiyo imo katika orodha ya Benki Kuu ya watoa mikopo ya kidijitali wenye leseni. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mkopaji, kwa hiyo malalamiko yake nakala moja iende huko pia.

Na mwalimu asimlipie shemeji yake. Jirani yangu alimlipia kaka yake ili simu zinyamaze, na mkopo uliofuata wakampigia yeye kabla ya kumpigia mwenyewe.