Mjomba Anajibu: Kijana wa Singeli Anayependa Dansi la Wazee

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nina miaka 24, nauza dagaa mwaloni Kirumba. Wenzangu wakiweka singeli, mimi natafuta Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, watu waliofariki kabla sijazaliwa. Marehemu baba alikuwa fundi redio. Mke wangu anasema nilizaliwa mzee. Hii ni damu? Na mtoto wetu wa miezi minane nimsikilizishe nini? – Muuza Dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Damu haina redio. Wewe niambie tu, nani alikuwa anaishika redio nyumbani kwenu?

Kwetu Nansio, kisiwani Ukerewe, alikuwa mzee. Redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichofuma mama, na mtoto haigusi. Betri zikichoka, mtangazaji akaanza kuongea kama ana kiazi mdomoni, mzee alizitoa zote nne akazianika juu ya bati. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini nikiangalia zisibingirike. Jioni zikirudishwa tunapata taarifa ya habari, salamu, na nyimbo mbili tatu kabla hazijakata roho tena. Wimbo ulioulindia betri mchana kutwa, utaacha kuupenda?

Na nyimbo zenyewe hatukuzichagua. Santuri nyingi zilifyatuliwa Nairobi. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 zikaadimika. Tukabaki na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa inarekodi bendi zetu kwenye studio yake. Mimi nilidhani dunia nzima inapiga dansi.

Isipokuwa usiku. Giza likiingia masafa ya kati husafiri mbali, na Sauti ya Kenya ilikuwa inavuka ziwa hadi kwetu. Mzee akishalala, kaka anateremsha redio taratibu, anaiweka kwenye mkeka katikati yetu, anazungusha kitufe mpaka benga, muziki wa gita wa Wajaluo, inapatikana, gita linakimbia kama mtu anafukuzwa. Mzee aliita hizo kelele. Baadaye ndiyo nikajua kwamba D.O. Misiani, aliyeongoza Shirati Jazz, ni mzaliwa wa Shirati, Mara, upande wetu huu huu wa ziwa! Hadi leo dansi la mzee nalipenda kwa heshima, benga ya kuiba naipenda bila kuulizwa. Kwa hiyo usidhani kila kilichomo masikioni mwako amekiweka baba.

Mama hakuwahi kuulizwa anataka kusikia nini. Yeye ni wa Magu, alikua akilima kwa bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma. Mwezi wa sita nikienda Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ngoma ikilia miguu yangu hutangulia kabla sijaamua.

Sasa mdogo wangu wa mwisho. Nyumba hiyo hiyo, wazazi hao hao, ila yeye alibalehe miaka ya 1990, vituo binafsi vimeruhusiwa, Radio Free Africa inarusha kutoka hapa hapa Mwanza. Nikiweka dansi ananiuliza nani kafariki.

Wewe si wa ajabu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwasikilizisha vijana wa kama miaka 20 nyimbo za miongo mbalimbali, wakakuta wana mapenzi pia na zile za ujana wa wazazi wao. Baba yako alikuwa anajaribu redio za watu siku nzima, na bila shaka alizijaribia kwa nyimbo alizozipenda yeye. Wewe ulikuwa chini ya meza.

Mtoto usimtengenezee ratiba. Atachukua kinachopigwa wakati mama yake anapika na wewe unahesabu hela za dagaa. Ila jioni mwachie mkeo naye achague, maana nyumba yenu sasa ina watu watatu, na redio ni moja.

Halafu kanda za baba zipo? Nina deki ambayo bado inazunguka, mkanda wake wa mpira tu ndio umelegea. Njoo nazo, na kilo moja ya dagaa waliokauka vizuri.