Kisamaki hiki au kisamaki huyu?

SWALI: Naandaa kibao cha maelezo kuhusu gobi, samaki mdogo wa kina kifupi anayekaa chini kwenye miamba. Niliandika: "Kisamaki hiki kidogo kiko mwambani kwake." Mwenzangu amefuta "hiki", akaweka "huyu". Nani kapatia?

JIBU: Kwa kibao, mwenzako, ila alipaswa kuendelea kufuta.

Viumbe wenye uhai hufuata upatanisho wa A-WA hata jina likianza na ki-: kiboko yule, kipepeo mweupe. Samaki kama kikande na kibua ni vivyo hivyo. Wingi wake ni "vikande wale wamejificha", si "vikande vile vimejificha". Ki- hiyo ni ya jina lenyewe, haipunguzi kitu.

Kwenye "kisamaki", ki- imebandikwa ili kudunisha, na hapo mzungumzaji ana hiari. "Kisamaki kimenikwepa!" ni Kiswahili safi, lakini KI-VI hubeba hisia: dharau, mzaha au mapenzi, kama "kitoto hiki kinasumbua". Kwa mvuvi anayetaniana na wenzake inafaa sana. Kwenye maelezo ya kitaalamu, msomaji atashangaa gobi amekosa nini. Kibaya zaidi ni kuchanganya, "kisamaki huyu kimejificha", na ndipo mngeishia kwa kubadili neno moja tu. Isitoshe, "kidogo" baada ya "kisamaki" ni udogo mara mbili. Andika "samaki huyu mdogo", au taja kipimo: gobi wengi hawafiki sentimita 10.

Sasa "kiko mwambani kwake", ambayo wote wawili mmeiacha. -po ni mahali dhahiri, -ko pasipo dhahiri, -mo ni ndani. Mapezi ya tumboni ya gobi wengi yameungana mfano wa kikombe, naye huyatumia kung'ang'ania jiwe mawimbi yakipiga. Basi yupo juu ya mwamba. Akijificha, yumo tunduni, na kimilikishi kifuate: tunduni mwake. Wapo gobi wanaoishi na kamba kwenye mchanga wa pembezoni mwa miamba. Kamba huchimba shimo, gobi hulinda. Hapo tofauti inaonekana waziwazi: gobi yupo mlangoni pa shimo, kamba yumo shimoni.

Kibao kisomeke: "Gobi ni samaki mdogo. Hukaa juu ya mwamba, na akihisi hatari huingia tunduni mwake." Mkitaja wengi, jina halibadiliki: gobi hawa, tunduni mwao.